Peasi Lililoiva Kitabuni

Kazi ya kuchapa ni kuzaa mapacha. Ndivyo ninavyoielewa mimi, Ursule Bourdelot, niliyekaa mtaa wa Saint-Jacques tangu nikiwa msichana, na ndivyo anavyoielewa kila mtu hapa mtaani, kuanzia mwenye duka la picha hadi mbwa wake. Unalipaka wino bamba la shaba, unalipitisha kwenye mtambo, unatoa picha. Unalipaka tena, unalipitisha tena, unatoa picha ileile. Kama ya pili haifanani na ya kwanza, basi hukuchapa, umefanya kitu kingine ambacho mimi sina jina lake. Mume wangu Gatien alikifanya hicho kitu kingine tangu ujana wake hadi majira ya baridi yaliyopita, na ni mimi ambaye Mungu alinichagua kumtazama akikifanya.

Niseme mapema kwamba si mvivu wala mlevi. Laiti angekuwa mlevi, ningepata wanawake wa kulia nao. Mafundi wenzake wote humtukuza Mtakatifu Jumatatu, yule mtakatifu ambaye padri hamjui, na ambaye ibada yake hufanyiwa kilabuni na watu ambao pombe ya Jumapili haijawatoka. Gatien Jumatatu alikuwa kazini, aproni kiunoni, mikono imejaa rangi. Alikunywa glasi moja ya mvinyo mchana, na hiyo moja aliiinua kwenye dirisha kuutazama wekundu wake mpaka supu ikapoa. Utamlalamikia nani mume wa namna hiyo? Mashoga zangu waliniambia nina bahati. Niliwachukia.

Alizaliwa Montreuil, nyuma ya zile kuta nyeupe wanakokuzia mapichi. Baba yake alikuwa mkulima wa mapichi, na watu wa Montreuil huyahudumia matunda yao kama vichanga. Kila asubuhi huyapitia, hung'oa jani hapa, huacha jani pale, ili jua liliguse shavu la tunda kidogo kidogo. Mtoto aliyelelewa hivyo huona rangi kama sisi wengine tunavyosikia kelele. Kuta zilirithiwa na kaka yake mkubwa, na Gatien akaletwa mjini kwa mjomba wake mchapaji, ambaye alimfundisha uchapaji wa wanasesere.

Mwanasesere wa kwetu si wa kuchezea, ingawa majirani walinitania miaka yote kwamba mume wangu mzee mzima anacheza na wanasesere. Ni kitambaa kilichokunjwa kikafungwa uzi shingoni, kikatoka na kichwa kama cha kidole gumba. Kila rangi ina wake. Mtu anayechapa kwa wino mweusi hupaka bamba zima kwa mkupuo mmoja na kufuta. Mtu wa rangi huchukua mwanasesere wa kijani akagusa majani, mwekundu akagusa shavu la tunda, wa kahawia akagusa kikonyo, vyote juu ya bamba hilohilo moja, kisha akazichanganya rangi kwa ncha ya kidole pale zinapokutana. Hufuta kwa shashi, hufuta tena kwa kiganja, huweka karatasi mbichi na blanketi, huzungusha gurudumu, na rangi zote hutoka kwa pamoja. Lakini bamba hutoka tupu. Picha inayofuata huanzwa upya, rangi moja baada ya nyingine, na hapo ndipo shetani alipompatia mume wangu mlango.

Fundi mwenye akili hutundika mbele yake karatasi ya kielelezo. Hiyo ni ile picha moja ambayo mchoraji ameikubali na mwenye kitabu, yaani anayekigharamia na kukiuza, ameitia sahihi, maana yake hivi na si vingine. Unaitazama, unapaka, unaitazama tena. Gatien aliitazama kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni anayeongea sana, kisha akapaka alichokiona yeye.

Karakana ya kwanza iliyomfukuza ilikuwa ikichapa kitabu cha kasuku. Alipomaliza, kila kasuku alikuwa na wekundu wake. Mwenye karakana alipotaka kujua sababu, Gatien alimjibu kwamba siku zile za mwisho mvua ilikuwa inanyesha. Ya pili ilikuwa ya vipepeo, na vipepeo sitaki kuwazungumzia. Ya tatu ilimvumilia kwa heshima ya mjomba mpaka mjomba akafariki, na juma lililofuata wakamfungia aproni yake ndani ya gazeti wakampa.

Nami nilimkubali nikiwa na macho yangu mawili. Wakati huo nilikuwa napaka rangi picha za watakatifu kwa ajili ya duka moja karibu na kanisa la Saint-Séverin. Bikira, Petro, Genoveva, wote walitoka mikononi mwangu na mashavu mekundu ya aina moja, safi, hakuna aliyezidi mwenzake. Nilijivunia mashavu yale. Gatien alikuja dukani kwa shughuli ya mjomba wake, akasimama nyuma ya kiti changu akatazama watakatifu walioanikwa, akasema taratibu kwamba ukoo mzima una homa moja. Msichana mwenye akili angemwambia apite zake. Mimi nilicheka, na kicheko kile nimekilipia.

Mjomba alituachia mtambo wake mkuukuu, tukauweka katika chumba cha chini, nasi tukalala chumba cha nyuma. Kitabu cha rangi hakuna aliyethubutu kumpa Gatien, kwa hiyo tulichapa lebo za haradali. Mtungi, jina la mtengenezaji, taji la majani, vyote vyeusi. Miaka na miaka ya haradali. Hapo hakukosea hata mara moja, kwa kuwa katika weusi hakuna cha kumshawishi, na mimi nilipaswa kufurahi. Lakini alikonda. Akawa anachapa huku anatazama mlango, na jioni nilimkuta amekaa na wanasesere wake wakavu mapajani, anawafungua nyuzi na kuwafunga upya. Nikamkasirikia kwa hilo pia. Mume akifurahi anakufukuzisha kazi, akitulia anakufia mbele ya macho, sasa mwanamke ashike lipi?

Ndipo, mwezi wa kumi, akaja Bwana Maugras. Alikuwa mwenye vitabu, mtu mfupi mwenye glovu nzuri, na alikuwa akitayarisha kitabu kikubwa cha matunda ya Ufaransa kitakachotoka sehemu kwa sehemu, kwa watu waliojiandikisha tangu mwanzo, wengi wao wake wa majenerali. Mabamba ni mengi, kazi ya miaka. Alikuwa amewahi kuona kasuku mmoja wa Gatien nyumbani kwa mtu na hakuweza kumsahau. Hata hivyo hakuwa mjinga, habari za kasuku wengine alizisikia. Akatupa bamba moja la majaribio, la peasi la majira ya baridi. Tukizitoa karatasi zote zikiwa sawa, kitabu kizima ni chetu. Zikitofautiana, mabamba yanakwenda karakana nyingine kando ya mto, nasi tubaki na haradali yetu.

Kufikia hapo simlaumu. Ninachomlaumu mpaka leo ni kwamba pamoja na bamba, na karatasi ya kielelezo yenye sahihi yake, alileta na peasi lenyewe, limelazwa kwenye kikapu cha majani makavu, ati fundi aone kile alichokiona mchoraji. Umempelekea paka samaki, kisha unamwambia amlinde.

Lilikuwa peasi zuri, nisiseme uongo. Shingo nyembamba, makalio manene, kijani kibichi, na upande mmoja wekundu hafifu kama wa mtoto aliyetoka kwenye baridi. Yale mapeasi huchumwa yakiwa magumu kama jiwe na huiva ndani ya nyumba, kabatini, polepole, karibu na Krismasi. Kila mtu anajua. Bwana Maugras alijua, mimi nilijua, na mtoto wa mkulima wa Montreuil alijua kuliko sisi wote.

Gatien akalipandisha juu ya rafu mkabala na mtambo. Na juma lilelile ikaja habari kwamba binti yetu Rosalie, aliyeolewa Melun, amekaribia kujifungua na miguu imevimba, mama aje. Ningefanyaje? Nilifunga mzigo. Mlangoni nilimwachia mume wangu maneno mawili: usile peasi, na tazama karatasi. Akaniitikia yote mawili. Moja alilitii.

Mtoto alizaliwa salama, mimi nikakawia kwa sababu Rosalie alishikwa na homa, na niliporudi mjini Krismasi ilikuwa inabisha hodi. Gatien alinipokea mlangoni akiwa amenenepa. Macho yanang'aa, anaongea. Moyo wangu ukashtuka papo hapo, kwa sababu mume wangu hajawahi kuwa na furaha ya bure.

Karatasi zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba, kutoka mlangoni hadi dirishani, zote zimekwisha chapwa. Nilianza mlangoni. Peasi la kijani, wekundu hafifu, sawasawa na kielelezo. Nikasogea. Kijani. Nikasogea tena, na kijani kikawa kinanitoroka, huwezi kusema ni wapi. Katikati ya chumba peasi lilikuwa na rangi ya nyasi zilizokaa juani. Mbele yake likawa na umanjano mabegani. Kufika dirishani lilikuwa la dhahabu, shavu limewaka, na karibu na kikonyo kuna madoa madogo ya kahawia, na ngozi imelegea kidogo, ukaona kabisa kwamba ukibonyeza kidole kitazama.

Nikakaa juu ya mzigo wangu. Nilikuwa hata sijavua kofia.

"Gatien," nikasema, "haya ni mapeasi mangapi?"

"Moja," akasema.

"Karatasi ya kielelezo iko wapi?"

Akanionyesha. Ilikuwa juu ya msumari wake palepale, imetundikwa vizuri, uso umegeuziwa ukutani.

"Ilikuwa inanichanganya," akaniambia, kwa upole ambao ungeweza kumfanya mtakatifu arushe kiti. "Yenyewe imebaki mwezi wa kumi, Ursule. Sisi tulikuwa tunaendelea."

Sikumpigia kelele. Kelele nilizimaliza enzi za vipepeo. Nilisimama, nikalichukua lile peasi rafuni, nikalikata kwa kisu cha kukwangulia shaba baada ya kukipangusa kwenye sketi yangu, nikalila lote mbele yake nimesimama. Nilitaka aumie. Badala yake alinitazama mdomoni kwa shauku akaniuliza liko vipi. Lilikuwa tamu kuliko kitu chochote nilichokula mwaka ule, maji yake yalinishuka hadi kwenye kiwiko, limeiva siku yake hasa. Nikamwambia ni la kawaida.

Nikapanda ngazi kumwita Toinette. Huyu ni dada yake Gatien, wifi yangu, anayekaa juu yetu, naye ni fundi wa brashi kama mimi. Alishuka, akatembea kando ya kamba kutoka mlangoni hadi dirishani na mikono nyuma kama anakagua jeshi, kisha akashika kiuno.

"Wifi," akasema, "sisi kwetu tulikupa kijana mzima. Tazama ulivyotuharibia."

"Mchukueni," nikamwambia. "Leo hii. Na wanasesere wake."

"Nani amchukue? Tulifanya sherehe alipoondoka."

Alinitania hivyo huku tayari anakunja mikono ya gauni. Bwana Maugras alikuwa amesema atakuja baada ya sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari. Dawa ilikuwa moja tu. Bluu nyepesi sana, ya maji, ukiipitisha juu ya manjano unapata kijani. Madoa unayakwangua kwa ncha ya kisu bila kuamsha nywele za karatasi. Shavu lililowaka unalituliza kwa sifongo. Kwa maneno mengine, tulikaa mimi na wifi yangu, wanawake wawili wenye mvi, tukiyarudisha mapeasi nyuma kuelekea mwezi wa kumi.

Rangi haipakwi kwa mshumaa, bluu hukudanganya. Tulikuwa na ule mwanga kidogo ya majira ya baridi, kuanzia kengele ya misa hadi baada ya chakula cha mchana, basi. Krismasi yenyewe tuliipitisha shingo zimepinda. Mkono wangu uliikumbuka kazi yake ya ujana. Peasi baada ya peasi, kijani kilekile, shavu lilelile, nami nikaanza kujisikia vizuri kidogo, kama mtu anayefagia nyumba baada ya wageni wachafu. Gatien alituletea maji safi, akaosha brashi, akapika supu ya kabichi, akatuwekea mkate na jibini. Alipokuwa akipita nyuma ya kiti changu alifumba macho. Nilimwona.

Tulipofika kwenye fungu la mwisho, lile la dirishani, la dhahabu, akaweka mkono wake juu ya karatasi.

"Hizo ziache," akasema. "Nakuomba."

Katika miaka yote ya ndoa yetu hajawahi kuniomba kitu, hata chumvi huinuka akaichukua mwenyewe. Nikamwambia aondoe mkono. Hakuondoa. Nikamweleza kama ninavyomweleza mtoto, kwamba hizo ndizo mbaya kuliko zote, hizo ndizo zitakazomrudisha kwenye haradali mpaka azikwe. Akasema anajua. Toinette akaniangalia, nami nikaona mwanga umeshapungua, na shingo inauma, na karatasi huharibika katika kila kazi, hakuna mwenye kitabu anayetegemea kurudishiwa zote. Tukalisukuma fungu zima mvunguni mwa kitanda. Toinette aliinama na mgongo wake mbovu, akasema mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini sharti la kuficha cha kaka yake litamuua.

Bwana Maugras alikuja kama alivyosema. Alivua glovu, akazipitia karatasi mezani moja moja karibu na dirisha. Alichukua muda. Mimi nilikuwa nimesimama na mikono ndani ya aproni. Mwishowe alizigonga zikakaa sawa, akageuka kwa Gatien akampa mkono.

Alisema alikuwa amekuja akitarajia kuvunjika moyo. Alisema wenzake wote walimcheka kwa kuleta bamba kwenye nyumba hii. Sasa ameona mwenyewe kwamba Bwana Bourdelot akitaka anaweza kuchapa peasi moja mara mamia, bila tofauti hata ya ukucha, na kuanzia leo kitabu ni cha kwetu.

Ndio hivyo. Imekwisha. Gatien alikuwa na kazi moja tu, kusema ahsante.

Aliutazama mkono wa Bwana Maugras ndani ya mkono wake. Nikaona midomo yake inaanza, nikamkanyaga mguu. Akaniacha nimkanyage.

"Bwana, hizo si zangu," akasema. "Ni za mke wangu. Zangu ziko chini ya kitanda."

Akaingia chumba cha nyuma, akatoka nazo, akaziweka juu ya zile nyingine. Sikio la kufa halisikii dawa. Nilitamani sakafu ipasuke, si inimeze mimi, immeze yeye.

Bwana Maugras aliichukua ya juu akaipeleka dirishani. Aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, nikamwona anameza mate, kweli kabisa, koo lake lilipanda na kushuka. Alitaka kuelezwa, nami nikamweleza yote, la peasi rafuni, la karatasi ukutani, la bluu na kisu, kwa sababu hapakuwa na cha kuokoa tena. Hakukasirika. Afadhali angekasirika, ningejua la kufanya.

"Sijawahi kuona kitu kizuri hivi kikitoka kwenye shaba," alimwambia mume wangu. "Na siwezi kukupa kitabu. Mtu wa Rouen na mtu wa Lyon wamelipia peasi moja. Wakikutana, wanataka kuliona peasi moja."

Kisha akanigeukia mimi. Akaniambia kwamba yale ya kijani yana mkono wangu, na mkono wangu ndio anaoutafuta. Kitabu atakitoa, lakini kwa Bibi Bourdelot. Mimi nishike wanasesere na kulipaka bamba nikitazama karatasi. Gatien azungushe gurudumu, aanike, akate karatasi, lolote lile, ila bamba asiliguse. Alitaka jibu kabla hajavaa glovu.

Nilimwangalia Gatien. Alikuwa anatazama nje. Nikafikiri haraka haraka, na nilifikiri vizuri, sijuti kwa hesabu yangu. Nikisema hapana, ni mitungi ya haradali, weusi juu ya weusi, na mwanamume anayekonda na vitambaa mapajani. Nikisema ndiyo, rangi itakuwa ndani ya nyumba, ataiona kila siku, hata kama si yeye anayeishika. Nani angechagua lingine? Nikasema ndiyo. Bwana Maugras akainama, akavaa glovu, na kabla ya kutoka alichagua katika fungu la dhahabu moja, ile iliyoiva kuliko zote, akaitia kwenye mkoba wake. Hii ni yangu mwenyewe, akasema, kwa nyumbani. Nilikaribia kumrushia chungu cha wino.

Mlango ulipofungwa nilimgeukia mume wangu nikamwambia kila kitu nilichokuwa nacho. Nilimwita punguani, nikamwita mtoto wa pichi. Nikamuuliza kwa nini hakuweza kufunga mdomo kwa muda wa kupeana mkono tu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaushika mkono wangu wa kulia akaugeuza huku na huku, akapima kidole gumba changu kwa uzi. Wanasesere wake walikuwa wanene mno kwangu. Akapasua shati lake la kitani, lile la Pasaka, akanitengenezea wapya, wembamba, mmoja kwa kila rangi, akavikaza vichwa kwa meno. Siku ya kuanza aliwapanga mezani kwa mpangilio anaoupenda yeye, mwepesi kushoto, mzito kulia. Hakunifundisha kitu. Sikuhitaji, nimemtazama maisha yangu yote.

Bamba la pili lilikuwa la plamu nyeusi. Nilitundika karatasi uso mbele, nikapaka. Gatien akazungusha gurudumu. Alianika, akaweka karatasi nyingine, akazungusha. Plamu za kwanza zote zilitoka mapacha, na Bwana Maugras alituma chupa ya mvinyo. Mtaani walinisimamisha kunipongeza kwamba hatimaye Bourdelot amepata akili, nami niliwapita bila kuwajibu.

Kwa maana hakubishana tena. Nilidhani atakuja nyuma yangu, anong'one kwamba hapa weka zambarau kidogo, pale umeua mng'ao. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Akawa mtiifu, na kwa utii wake akaniudhi kuliko alivyowahi kuniudhi kwa ukaidi. Nikimuuliza iko sawa, anatazama karatasi, anatazama picha, anasema iko sawa. Ile glasi yake ya mvinyo anaimeza tu.

Juma lililopita sikuvumilia. Nilichukua mwanasesere mwekundu nikapaka wekundu kwenye ubavu wa plamu, mwingi, wa makusudi, wekundu ambao hauko kwenye karatasi wala kwenye mti wowote wa Kikristo. Nikalisukuma bamba kwake. Nilitaka apige kelele. Alizungusha gurudumu, akainua blanketi, akaibandua picha akaishika mbele ya kielelezo.

"Umezidisha nyekundu," akasema. "Haifanani na karatasi."

"Achana na karatasi. Tunda lenyewe je? Tunda lenyewe lilikuwaje?"

"Sijui," akasema. "Sikuliona."

Akaiweka ile picha pembeni pamoja na zilizoharibika, akashika gurudumu, akaningoja nimalize kupaka.